Mwaka wa Rafu, Ngombezi

Tulimzika Saidi Mhando kwao Misima, adhuhuri, katika ardhi kavu iliyowafanya wachimbaji wapokezane jembe kama watu wanaovunja mwamba. Nilifika kutoka Korogwe kwa basi hadi Handeni, kisha kwa bodaboda, nikakuta watani wamekwisha kuuteka msiba. Walikuwa Wanyamwezi, wana na wajukuu wa wale walioletwa zamani kukata mkonge, ambao kwa desturi ya huku wana ruhusa ya kumtania Mzigua akiwa hai na hata akiwa maiti. Aliyewaongoza alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mabega bado mapana, jina lake Kasimu Maganga. Aliichukua fimbo ya marehemu iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuchechemea kuzunguka jeneza, akiuburuta mguu wa kushoto sawasawa kabisa na alivyouburuta Saidi, huku akisema, "Nipisheni jamani, nipisheni, nachelewa mpira." Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka, kisha wakalia zaidi. Mjane wa Saidi mwenyewe alicheka. Ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mtani huyo alikuwa akija Misima kila masika kumsaidia mumewe kulima. Kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, akaniinamia. "Mzee, yule anamwiga vizuri. Walikuwa wanajuana?" Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyeuvunja mguu ule. "Kumbe," akasema. "Rafu?" Aliuliza kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia kama chai imetiwa sukari. Nilikuwa nimelichukia neno hilo kwa miaka mingi, na sikutaka kulifanyia hesabu yake kando ya kaburi lililo wazi. Hesabu hiyo naifanya hapa.

Neno ni la Kiingereza, na kwa Waingereza halina hatia. Hulitumia kwa barabara yenye mashimo, kwa bahari iliyochafuka, kwa ubao ambao haujapigwa randa, kwa kadirio la mtu asiye na muda wa kupima. Kwao ni sifa ya kitu, inaeleza kitu kilivyo. Sisi tumelipokea na kulipa kazi nyingi zaidi ya zile lilizozaliwa nazo. Mwanafunzi ana daftari la rafu, ambalo anaruhusiwa kukosea bila kuulizwa. Kijana asiyechana nywele ana nywele rafu. Dereva anayelipita gari jingine kwenye kona ni rafu. Sokoni Handeni, mwenye mahindi anayemwendea mteja wa jirani yake ameambiwa mbele yangu, "Umenichezea rafu," na pale stendi ya Korogwe wapiga debe hugombania abiria kwa neno hilohilo. Uchaguzi ukifika, rafu hupanda jukwaani. Mfugaji mmoja wa nyika za Handeni, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, alinionyesha ng'ombe jike anayempiga teke mkamaji, akasema, "Huyu ana rafu." Lakini makao makuu ya neno hili ni uwanja wa mpira, na huko ndiko iliko sumu yake. Huko rafu ni tendo lenye filimbi yake: mtu ameumizwa, filimbi inalia, mpira unawekwa chini, mchezo unaendelea. Kosa likiitwa rafu, limekwisha kusamehewa kabla halijatendwa. Nililiona jambo hilo likifanya kazi mwaka mzima, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, huko Ngombezi, karibu na Korogwe.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilipata hifadhi kwa kaka yangu katika nyumba za kambi ya shamba la mkonge. Zilikuwa nyumba ndefu, zimegawanywa vyumba kama sanduku la mchuuzi, na kuta za kutenganisha vyumba hazikufika kwenye bati. Kwa hiyo kila mtu alikula chakula chake peke yake na kusikiliza chakula cha wote. Ukijua nani kapika mlenda na nani dagaa, ulijua pia nani ana homa, nani anaswali, nani analia. Ukuta wetu wa kulia ulikuwa wa Kasimu Maganga. Wakati huo alikuwa kijana wa mashine ya kuchakata, mikono imebabuka kwa utomvu wa mkonge, beki wa timu ya Kambi ya Juu, na watu walimwita Katapila. Mkewe walimwita kwa jina la mtoto wao: Mama Shukuru. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, mpishi hodari kuliko wote wa safu yetu.

Kasimu alimpiga. Ilikuwa jioni baada ya chakula, mara nyingi siku ambayo mashine imekorofisha au timu imefungwa. Tulisikia sahani ikisukumwa, kisha kimya kifupi, kisha kishindo cha mtu anayegonga ukuta wetu kwa mgongo, na taa yetu ya koroboi ikatikisika. Mara moja nilisikia kichwa chake kikigonga sakafu, na sauti ile sikuifananisha na kitu chochote wala sasa siifananishi. Kaka yangu alikohoa kwa nguvu. Kukohoa ndiyo ilikuwa sheria ya kambi. Maana yake, tunasikia, punguza. Hakuna aliyebisha hodi. Asubuhi, kwenye foleni ya bomba, wanaume waliokuja kunawa walikuwa na jambo lao la kuongea.

"Jana Katapila kacheza rafu."

"Ile kadi ya njano kabisa."

"Njano ya wapi? Yule hapewi kadi, refa anamwogopa."

Mama Shukuru alikuwa palepale, ndoo mkononi, khanga imevutwa hadi kufunika jicho moja. Alisema, bila kumtazama mtu, "Refa mwenyewe alikuwa anakohoa." Wakacheka sana, mmoja akamsifu kwa ulimi wake, "Shemeji we hatari." Yeye hakucheka. Alijaza ndoo, akajitwisha, akaenda. Leo nikisoma wataalamu wa lugha wakiulizana neno la kigeni huingiaje katika jamii, nakumbuka foleni ile. Neno lile lilipokewa kama mgeni mwenye manufaa: lilikuja kubeba jambo ambalo maneno yetu wenyewe, kupiga, kuumiza, kuonea, yangelibeba kwa uchungu mno.

Mwaka huo palikuwa na mashindano ya kambi kwa kambi, zawadi ikiwa fahali. Fainali ilizikutanisha Kambi ya Juu na Kambi ya Mtoni, na Mtoni walikuwa wameleta mamluki, mchezaji wa kuazimwa kutoka nje, ambaye ndiye Saidi Mhando wa Misima. Alikuwa rika langu. Alikuja kukata mkonge kwa msimu mmoja, lakini timu moja ya Tanga mjini ilikuwa imemwita akajaribiwe baada ya fainali, na kila mtu alilijua hilo kuliko alivyojua jina la baba yake. Alikuwa na mbio za mtu anayekimbizwa na kicheko cha mtu anayekimbiza. Alifunga kipande cha khanga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na kipande kile kikawa habari kubwa kuliko magoli yake.

Kabla ya fainali timu ya Juu iliwekwa kambini, yaani wachezaji wote walilala chumba kimoja na kula chakula cha mpishi mmoja tu, wasije wakalishwa kitu. Mpishi alikuwa Mama Shukuru. Mimi nilichaguliwa kushika kibendera pembeni mwa uwanja, kwa hoja kwamba maneno ya mpira ni ya Kiingereza na mimi nimekisoma, kwa hiyo nilipata ugali wangu pamoja nao. Nakumbuka chumba kile: harufu ya nyuzi mbichi za mkonge, mikeka, sufuria ya maharage katikati, na kamati ya ufundi imekaa mlangoni. Kamati hiyo haikuhusika na ufundi wa miguu. Kazi yake ilikuwa waganga. Msemaji wao alikuwa mlinzi wa ghala, mtu aliyezungumza kwa kunong'ona hata alipoomba chumvi.

"Ule mguu wa kushoto hauchezi wenyewe," alisema.

"Una nini?" Kasimu akauliza.

"Umefungwa. Mwanamume mzima anafunga khanga mguuni, ya nini?"

"Labda ana kidonda," nikasema.

"Kidonda kinafunga magoli? Wewe Fomu Foo nyamaza, haya hayamo vitabuni mwenu." Akamgeukia Kasimu. "Dawa ikivunjwa, mtu anabaki mtupu. Mpira ukiwepo usiwepo, wewe vunja."

Mama Shukuru alikuwa akimimina mchuzi. "Na mguu ukivunjika pamoja na hiyo dawa?"

Kasimu alimega tonge, akalichovya, akalitafuna lote kabla ya kujibu. "Itakuwa rafu tu, mama. Mpira ni wa wanaume."

Siku ya fainali Juu waliingia uwanjani kinyumenyume, wakiruka mstari badala ya kuukanyaga, kama walivyoelekezwa. Saidi alifunga bao kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili alipita upande wangu, mpira ukamtangulia, ukavuka mstari, ukaenda kwenye miguu ya watazamaji. Niliinua bendera. Refa alipuliza. Saidi alisimama, akaguna, akainama kukaza kitambaa chake kilichokuwa kimelegea. Kasimu alikuja mbio kutoka katikati ya uwanja. Hakuwa anaukimbilia mpira. Mpira ulikuwa mikononi mwa mama mmoja muuza karanga. Kasimu aliruka kwa miguu miwili akaangukia juu ya mguu ule uliokanyaga chini, nami nilikuwa karibu kiasi cha kuuona ukikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na mfupa ukachungulia kupitia ngozi, mweupe, halafu mwekundu. Saidi hakupiga kelele kwanza. Alitazama mguu wake kama mtu anayetazama kitu cha mwingine. Kelele ilikuja baadaye, na ilipokuja wachezaji wawili wa timu ya Kasimu mwenyewe walitapika.

Mlinzi wa ghala alifika mbio, akakifungua kitambaa kwa vidole viwili. Ndani palikuwa na kidonda cha mwiba wa mkonge, chenye usaha. Hapakuwa na hirizi, wala uzi, wala unga. Akatema mate pembeni, akaondoka kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Kisha uwanja ulipasuka. Watu wa Mtoni walikuja na visu vya kukatia mkonge, watu wa Juu na mawe ya kwenye reli ya troli za kubebea mkonge. Refa alipigwa jiwe la paji la uso, akatambaa chini ya tela. Nilimwona mzee ninayemheshimu, muumini wa kila Jumapili, akimkanyaga kijana shingoni. Mtu mmoja alishika upande wa kichwa chake na damu ikapita kati ya vidole. Sikio lilikuwa limekatwa nusu. Mimi nilinyang'anywa bendera na watu wa kambi yangu mwenyewe, nikapigwa kwa mti wake kwa kosa la kuwa niliiinua, jino langu la mbele likabaki katika mchanga ule. Mtu alimfungua fahali wa zawadi akakimbilia mkongeni. Jua lilipopungua ndipo trekta ilipopatikana, na tukampakia Saidi kwenye tela kumpeleka hospitali Korogwe. Nilikaa kichwani kwake kwa sababu wengine walikuwa bado wanapigana. Kila tuta lilimfanya auume mkono wake. Njia nzima alisema jambo moja.

"Mpira ulitoka?"

"Ulitoka."

"Uliona?"

"Bendera ilikuwa juu."

"Basi useme," aliniambia. "Hata kama nitakufa, useme ulitoka."

Sikupata kumsikia mtu akidai haki kwa maneno machache namna hiyo. Tanga hakuitaja. Alijua imekwisha. Alichotaka kibaki ni kwamba jambo alilotendewa liitwe kwa jina lake.

Nililisema. Mwenyekiti wa kambi, Mzee Lukas, Mbena mpole aliyependwa na wote, aliitisha kikao cha wazee wakati Saidi angali kitandani. Polisi hawakuitwa, kambi haikupenda polisi. Nilieleza kwamba mpira ulikuwa nje, filimbi imelia, na aliyeumizwa alikuwa ameinama.

"Mwanangu," Mzee Lukas alisema, "ilikuwa ndani ya uwanja au nje ya uwanja?"

"Ndani, mzee. Lakini mpira ulikuwa nje."

"Alitumia silaha au miguu?"

"Miguu."

"Basi ni rafu." Akawageukia wazee. "Tena huyu Mnyamwezi, yule Mzigua. Ni watani. Mtani akiiba kuku wa mtani, mnamfunga? Hapa hakuna kesi, wazee wangu. Hapa pana utani uliozidi kimo."

Wakacheka kwa faraja. Kasimu alitoa jogoo, akakabidhiwa mjomba wa Saidi, na mjomba, kwa kuwa utani una adabu zake, ikambidi aseme jogoo mwenyewe amekonda kama mpira wa Juu. Wakacheka tena. Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu namna jamii zinavyokubaliana kutoona, na sijakutana na kikao kilichofanya kazi hiyo kwa upole zaidi. Utani wetu ni hekima. Uliwawezesha watu wa makabila yaliyokuwa yakipigana kuketi katika msiba mmoja na kula chungu kimoja. Lakini hekima ikikabidhiwa neno la uongo huwa mhudumu wa uongo huo, na siku ile desturi njema na neno la kuazima vilishikana mikono juu ya mguu wa mtu.

Saidi alirudi mkonge umeanza kukatwa upya, siku ya Jumapili mchana, jua la kuchoma. Mguu ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwa ndani. Alikuja peke yake kwa fimbo, akatukuta wengi kando ya reli ya troli, wazee wakicheza bao, mafundi wa reli wameacha vifaa vyao, na Mama Shukuru akisugua sufuria mbele ya mlango wake. Kasimu alikuwa ameketi kwenye taruma, gogo la kulazia reli.

"Shikamoo, Mzee Lukas."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mguu."

"Nimeshapoa. Nimefuata utani wangu."

Mzee alifurahi. "Mtani haombi. Chukua utakacho. Baiskeli ya Kasimu ile pale."

"Chukua hata mke," Kasimu akasema, "utakula vizuri." Watu wakacheka. Mama Shukuru aliendelea kusugua.

"Nataka mguu," Saidi alisema. "Wa kushoto."

Walicheka tena, kisha wakaacha, mmoja mmoja. Saidi alikuwa ameinama na kuokota nyundo ya mafundi, ile nzito ya kupigilia misumari ya reli, na alikuwa ameitupa fimbo yake ili aishike kwa mikono miwili. Aliyumba kidogo, akapata kituo. "Ni rafu tu, Mzee. Sisi ni watani, na hapa tunacheza. Jogoo nitaleta."

Nilimtazama Mzee Lukas. Kila neno ambalo angeweza kulitumia kumzuia alikuwa amelitoa mwenyewe katika kikao, na lilikuwa sasa mikononi mwa Saidi pamoja na nyundo. Nilimwita Saidi kwa jina, hakugeuka. Na Kasimu, ambaye angeweza kumwangusha kwa kidole, alitazama nyuso zile zote zikimtazama, akaona kwamba akikataa hatakuwa tena mtani, wala beki, wala mwanamume. Akauweka mguu wake wa kushoto juu ya reli, akapandisha suruali hadi gotini. Jasho lilimtiririka masikioni. "Piga, mtani," akasema.

Nyundo ilipanda. Watoto waliokuwa karibu walifumba macho, wazee hawakufumba. Naandika haya kwa watu wanaodhani kwamba ukatili huhitaji chuki: pale hapakuwa na chuki, palikuwa na kanuni, na kila mtu alikuwa anaifuata.

"Mwana wa Mhando," Mama Shukuru alisema. Alikuwa amesimama, majivu ya kusugulia yamemjaa hadi viwiko. "Hiyo siyo rafu."

Nyundo ilibaki juu. "Ni nini, mama?"

"Ni kumvunja mtu mguu."

"Na mimi nilifanywa nini?"

"Ulivunjwa mguu. Kwa makusudi. Lilipangwa wakila chakula changu, nikasikia, na hawa waliokaa hapa wengine walikuwapo wakasikia." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, tulilazimika kuacha kupumua ili tuipate. "Na mimi, huyu hunipiga. Mnaiita rafu pale bombani. Hunipiga. Jino la huku halipo, na mimba ya kwanza baada ya Shukuru aliitoa kwa teke. Kama ni mchezo, mimi sikuwahi kuomba namba."

Hakuna aliyekohoa.

Saidi alimtazama Kasimu. Nyundo ilikuwa imeanza kumshuka kwa uzito. "Mtani, umesikia. Ulinifanya nini?"

"Nilikuvunja mguu."

"Mpira ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Na mkeo?"

Kasimu aliyakaza macho kwenye chuma cha reli. Saidi akaikaza mikono yake kwenye mpini, akaipandisha nyundo tena hadi juu ya bega.

"Nampiga," Kasimu alisema. "Mimba niliitoa mimi."

Hapo Saidi aliishusha nyundo taratibu, akailaza juu ya kokoto, akachechemea kuifuata fimbo yake. Alipofika kwenye fimbo aligeuka, akamwona Kasimu bado amekaa vilevile, suruali imepandishwa, kama mtu aliyesahauliwa.

"Toa mguu," akamwambia. "Reli ina moto, utaungua."